Mambo ya Nyumbani: Popo wa Darini

Mwezi huu twataka kunena habari za wageni wasiobisha hodi, yaani popo wakaao darini, juu ya vichwa vyetu na chini ya mabati yetu. Tumeulizwa neno hili mara nyingi, majumbani, na shuleni, na mlangoni mwa kanisa baada ya sala. Hatukulijibu upesi, kwa sababu tuliwahi kulijibu vibaya. Basi kwanza tutaungama kosa letu, ndipo tutoe shauri.

Palikuwa na nyumba moja katika mtaa wa kanisa letu, nyumba njema ya matofali ya kuchoma, ambayo mwenyewe aliijenga kwa jasho la miaka sita. Hata mwaka wa tatu wa kukaa humo popo wakaingia. Mwanzo walikuwa wachache, kisha wakawa wengi. Ikawa kila jua likichwa husikika mikwaruzo na vilio vyembamba darini, na harufu kali ikashuka hata mezani pa chakula, na dari iliyopakwa rangi nyeupe ikatokeza madoa kama ya chai.

Mama mkwe wa mwenye nyumba akasema, "Popo hawa hawakuja wenyewe. Wametumwa." Alipoulizwa ni nani aliyewatuma, hakutaja jina, bali aligeuza uso kuelekea nyumba ya jirani. Humo hukaa bibi mmoja mjane, Mkristo mwenzetu, na nyumba yake ya makuti haikuwa na popo hata mmoja. Neno hilo likatembea. Watoto wakakatazwa kufuatana naye kisimani. Alipokuja kuomba kaa la moto alikuta mlango umefungwa, na moshi unatoka jikoni. Siku ya Jumapili aliketi benchi la nyuma peke yake. Na katika nyumba ile ya watu waliobatizwa pakaanza kunenwa habari za kumwita mganga.

Mwenye nyumba akatujia usiku. Sisi tulidhani ya kuwa kazi yetu ni kuukomesha uvumi upesi, na ya kuwa njia ya upesi ni kuwaua popo. Tukamshauri azibe matundu yote kwa udongo wakati wa mchana, popo wakiwa wamelala ndani, kisha afukize pilipili. Akafanya kama tulivyosema. Siku ile darini palikuwa na kelele nyingi, na siku ya pili pakawa kimya, tukashukuru.

Siku ya nne harufu ikawa mbaya kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa wanyama waliokufa walikuwa wakioza juu ya vichwa vya watu, na funza wakadondoka sakafuni. Popo waliosalia hai walitafuta upenyo, wakashuka vyumbani kwa njia ya tundu la waya wa taa. Mtoto wa nyumba ile, mwenye umri wa miaka minne, akamwokota mmoja chini ya kitanda akidhani ni kinda la ndege. Akaumwa kidole.

Damu ilikuwa tone moja tu. Lakini mwuguzi wa zahanati alipokiona kidole kile hakucheka. Alikiosha kwa sabuni muda mrefu, akasema ya kuwa mtoto sharti apate chanjo ya kichaa cha mbwa, nayo pale zahanati haikuwapo. Wakasafiri kwenda hospitali ya wilaya mara kwa mara, na nauli ikala fedha iliyowekwa kwa mbegu za mahindi. Mtoto ni mzima hata leo, Mungu ashukuriwe. Ila yule bibi mjane alizidi kuumia, maana watu walisema, "Mwaona? Popo wake wamemgusa mtoto." Shauri letu lililokusudiwa kuuzima uvumi liliuchochea kama kuni kavu.

Ndipo tulipokwenda kujifunza, kwa bwana afya na kwa mwalimu wa elimu ya viumbe, jambo ambalo lilitupasa kulifanya kabla ya kufungua kinywa. Haya ndiyo tuliyofundishwa, na mengine tumeyaona kwa macho yetu.

Popo si ndege, wala si panya aliyeota mabawa. Wazee wetu walisimulia ya kuwa ndege walipomtaka kodi aliwaonyesha meno, na wanyama walipomtaka kodi aliwaonyesha mabawa. Hadithi hiyo ilimpa sifa ya unafiki, lakini kwa kweli yeye ni mnyama kamili, azaaye mtoto hai na kumnyonyesha kwa maziwa. Mabawa yake ni mikono, na vidole vyake ndivyo virefu vilivyotandikwa ngozi. Ni kweli kwamba Torati, katika Mambo ya Walawi sura ya 11, yamhesabu pamoja na viumbe virukavyo ambavyo Israeli hawakuruhusiwa kula. Lakini kukatazwa kumla si kuamriwa kumtesa.

Wako popo wakubwa walao matunda, nao hukaa mitini au mapangoni. Mmoja wa hao ni popo wa Pemba, ambaye hapatikani penginepo duniani. Zamani aliwindwa hata akakaribia kwisha, na leo wanakijiji wa Kidike wamlinda, na wageni huenda kumtazama. Hao si wageni wa dari zetu. Wale wa darini ni wadogo, na wengi wao ni wepesi kuliko yai la kuku. Hula wadudu warukao usiku, nondo na mbawakawa na mbu pia, na miongoni mwa nondo hao wamo mama zao wale viwavi wanaoharibu mashamba yetu. Hata hivyo mtu asikudanganye kwamba popo wataondoa malaria nyumbani mwako. Chandarua kikae palepale kitandani.

Kwa nini basi waja kwetu? Kwa asili walikaa katika nyufa za majabali na katika mianya ya miti mikubwa yenye uvungu. Miti hiyo twaikata. Kisha twajenga paa la bati lenye migongo, na chini ya kila mgongo twaacha nafasi nyembamba, yenye giza, isiyofikiwa na paka. Bati likichomwa na jua huwa na joto kali, na wako popo wa aina fulani, wenye mikia mirefu iliyotokeza nje ya ngozi, wanaolistahimili joto hilo kuliko tunavyoweza kudhani. Ama nyumba ya yule bibi, haina dari, na moshi wa jiko lake hupanda hata paani kila siku. Popo angejificha wapi humo? Tulilokuwa tukilitafuta katika moyo wa mjane lilikuwa katika ujenzi wa paa.

Sasa twaeleza namna ya kuwatoa. Kazi hii yataka subira zaidi ya fedha.

Kwanza, chunguzeni. Jioni mbili au tatu, kabla jua halijachwa, watu waketi nje kuizunguka nyumba, kila mmoja upande wake, bila taa wala mazungumzo. Angalieni popo watoka wapi, na mwahesabu. Mchana tafuteni alama. Tundu litumikalo huwa na doa la mafuta ya rangi ya kahawia ukingoni, na chini yake kinyesi kilichofanana na cha panya. Kibonyezeni kwa kijiti, msikiguse kwa kidole. Cha panya ni kigumu, na cha popo husagika kuwa unga, kwa kuwa ni mabaki ya wadudu.

Pili, jueni kama wana watoto. Popo jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja kwa mara moja. Mtoto huyo huzaliwa uchi, hawezi kuruka, na mama akienda kutafuta chakula humwacha darini. Hupita majuma manne hata sita ndipo aweze kuruka. Mkifunga mlango mama yuko nje, mtoto atakufa njaa ndani, naye mama atahangaika kutafuta njia yoyote, hata ya dirisha la chumba cha kulala. Katika nchi zetu wako popo wazaao zaidi ya mara moja kwa mwaka, na hasa wakati wa mvua. Basi msifanye kazi hii masika wala vuli. Ngojeni kiangazi, na hata wakati huo sikilizeni usiku baada ya wakubwa kutoka. Mkisikia vilio vyembamba vimebaki darini, acheni, mkarudi kusikiliza baada ya majuma sita. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, latuagiza ya kuwa tukikuta kiota njiani tusimtwae mama pamoja na makinda. Mwenye kuitii agizo hilo darini mwake ataona ya kuwa huruma na akili hapa ni kitu kimoja.

Tatu, wakati huo wa kiangazi, zibeni mianya yote ambayo mmehakikisha kwamba popo hawaitumii. Yale matundu wanayotokea yaacheni wazi kwanza.

Nne, katika kila tundu litumikalo wekeni mlango wa kutokea tu. Chukueni wavu mwepesi wenye macho madogo sana, ili mnyama asinaswe. Upigilieni misumari juu ya tundu na pande mbili, uninginie ukutani kama pazia, ukishuka kiasi cha nusu mita chini ya tundu, na upande wa chini uachwe wazi bila kukazwa. Popo atoka tundu, atambaa chini kati ya ukuta na wavu, aachia, aruka zake. Akirudi alfajiri hulijia tundu lilelile kwa mazoea, aukuta wavu, wala hajui kuanzia chini. Pengine, kama tundu ni la mviringo, yafaa kipande cha bomba laini la plastiki, upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 25 hivi, kilichoelekezwa chini. Ndani yake hateremki kwa shida, lakini kupanda hawezi, kwa kuwa panateleza. Mlango huo ukae siku saba. Usiku wa mvua kubwa usihesabiwe, maana popo huenda wasitoke.

Tano, mkikesha jioni mbili msimwone hata mmoja akitoka, ondoeni wavu, mkazibe siku iyo hiyo. Msiache hata kesho. Juu ya ukuta tumieni saruji. Kwenye ncha za migongo ya bati tumieni wavu wa waya wenye macho madogo, ili hewa ipite na popo asipite. Kofia ya paa iliyoinuka ipigiliwe tena. Udongo mtupu hukauka ukapasuka, na matambara huoza, kwa hiyo visitumiwe. Na mjue ya kuwa ufa unaopitisha kidole kidogo cha mkono ni mlango mpana kwa popo.

Sita, safisheni. Msifagie kinyesi kikiwa kikavu, kwani katika kinyesi cha popo huweza kuota kuvu, na mtu akivuta vumbi lake huweza kupata ugonjwa wa mapafu. Funikeni pua na kinywa kwa barakoa nzuri, vaeni mifuko ya mikono na nguo ya mikono mirefu, nyunyizeni maji hata pote palowe, ndipo mkusanye na kuzika shambani. Watoto wawe mbali. Kisha ogeni, na nguo zifuliwe.

Twaonya juu ya mambo mawili.

La kwanza ni sumu. Wako wanaopulizia dari dawa ya wadudu, au wanaoweka sumu ya panya. Popo hafi palepale. Huanguka akiwa dhaifu mahali pa watoto, nayo sumu hubaki juu ya vyakula na vitanda vyenu. Na tundu likiwa wazi bado, popo wengine watakuja. Aliyeua mnyama akaliacha tundu amejitwisha dhambi ya ukali, na kazi yake hakuimaliza.

La pili ni kuumwa. Katika nchi yetu kichaa cha mbwa huletwa hasa na mbwa, lakini katika Afrika popo nao wana magonjwa ya jamii hiyo. Mwaka 2007 mgeni mmoja kutoka Uholanzi alikwaruzwa uso na popo mdogo huko Kenya, akarudi kwao, na kabla ya mwaka kwisha akafariki kwa ugonjwa wa namna hiyo. Hatusemi haya ili mwogope kila kivuli cha jioni. Mambo kama hayo ni nadra sana. Twasema ili mkono mtupu usimguse popo kamwe, awe hai au amekufa. Mtu akiumwa au akikwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku iyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo kama la mwiba. Ugonjwa ukisha kujionyesha, dawa haufuati. Popo akiingia chumbani usiku, toeni watoto, fungeni mlango wa ndani, fungueni madirisha, zimeni taa. Atatoka mwenyewe. Akiwa ameanguka sakafuni, mfunikeni kwa sanduku dogo, pitisheni ubao mwembamba chini yake, mkamtoe nje na kumweka juu ya mti. Na kama mtoto mdogo amelala chumba kimoja na popo, nanyi hamjui yaliyopita usiku, mwulizeni mganga wa hospitali.

Sasa turudi kwa nyumba ile. Kwa maana popo waliosalia hawakuhama. Udongo tulioutia ulipasuka, na baada ya miezi michache wakawa wengi kama kwanza. Kiangazi kilipofika tukaenda kuchunguza kama tulivyofundishwa. Pande tatu za nyumba zilikuwa na watu. Upande wa nne, kwenye kuta ile ya pembe tatu iliyo chini ya paa, haukuonekana vema ila kutoka uani kwa yule bibi mjane. Hapakuwa na njia nyingine. Sisi wenyewe tukaenda kubisha hodi kwake, tukaomba ruhusa kuketi uani mwake.

Hakutuuliza neno. Alitoa kigoda na mkeka, akaketi pamoja nasi. Jua lilipokuchwa yeye ndiye aliyeona kwanza, akanyosha kidole akasema, "Walimu, watoka pale." Tukatazama, tukawaona wakichomoka mmoja mmoja kama mbegu kutoka gunia lililotoboka. Yeye akahesabu upande wake na sisi upande wetu, tukafika themanini na tatu. Tulimwita mwenye nyumba, naye akaja pamoja na mama mkwe wake, wakasimama uani mle ambamo hawakuwa wamekanyaga kwa muda wa mwaka mzima.

Asubuhi fundi akapanda ngazi. Palikuwa na ufa mwembamba kati ya ukuta na bati, upana wa kidole na urefu wa mikono miwili. Mwenye nyumba akanyamaza kitambo, kisha akasema mbele ya watu wote, "Pale saruji ilituishia. Mimi ndimi niliyemwambia fundi aache, tutamaliza mwakani." Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliukuta ufa huo umekaribia kubomoa kitu kisichojengeka kwa saruji.

Wavu ulikaa siku saba, na nyumba ikazibwa vema. Hakuna popo aliyekufa. Tuliwaona jioni zilizofuata wakizunguka paa, kisha wakaenda zao kutafuta makao mengine, na hata sasa hupita juu ya mashamba yetu magharibi. Shuleni tumewaachia mbuyu wa kale wenye uvungu, ambao wengine walitaka kuukata.

Mama mkwe hakutamka neno la kuomba radhi. Lakini Jumamosi iliyofuata alimtuma mtoto yule yule aliyeumwa kidole apeleke bakuli la kunde nyumba ya pili, na bakuli likarudi lina mayai. Sisi tulikwenda wenyewe kwa yule bibi kuomba msamaha. Kwa maana kosa letu halikuwa ujinga wa mambo ya popo tu. Tulipoletewa mashitaka ya uongo juu ya ndugu yetu, tulijishughulisha na popo, tukaliacha neno lenyewe bila kulikemea. Tena kwa kuharakisha kuwaua wanyama wale tulionekana kana kwamba tumekubali kuwa wametumwa. Yeye akatujibu, "Mimi nilingoja tu mtu aje kuangalia." Jibu hilo twalibeba.

Wasomaji wetu, nyumba zetu zina wageni wengine pia, na kanuni haibadiliki. Kabla ya kushika rungu, ulizeni maneno matatu: ameingia kwa njia gani, amefuata nini, na je, ana watoto ndani? Panya hufuata nafaka iliyomwagika, na nyoka humfuata panya. Basi ghala ifungwe vema na uwanja usafishwe. Kanu huja kwa sababu banda la kuku lina mwanya, wala si kwa sababu jirani ana kijicho. Ngedere huzoea jiko ambalo maganda ya ndizi hutupwa mlangoni. Bundi akaaye paani hula panya wenu bila malipo, wala hana habari na kifo cha mtu awaye yote. Mkiweza kumwacha, mwacheni. Lakini mnyama mkubwa au mkali, kama fisi au chui, na nyoka msiyemjua, hao si kazi ya mwenye nyumba. Waondoeni watoto, mkaite afisa wa wanyamapori wa wilaya.

Na ninyi walimu, msiwape wanafunzi fimbo za kuwapigia popo wa darasani. Wapeni kalamu. Waketi nje jioni moja pamoja na wazazi wao, wahesabu popo watokao, na kesho yake waandike hesabu hiyo ubaoni na kuchora tundu walimotoka. Mtoto aliyezoea kutafuta tundu kwa macho yake, akiwa mtu mzima hatakuwa mwepesi kuelekeza uso kwenye nyumba ya jirani.

Katika Zaburi ya 84 twasoma ya kuwa shomoro na mbayuwayu walijipatia makao karibu na madhabahu za Bwana. Hatusemi kwamba kila kiumbe kikae darini mwetu, la. Mungu ametupa nyumba, na nyumba yataka usafi na afya. Lakini aliyewaumba hawa aliwapa nao mahali pao, na mtu wa haki, akiwa na lazima ya kumwondoa mnyama, humwonyesha mlango wa kutokea kabla ya kuufunga.

Basi mwezi huu, kila mwenye nyumba na aizunguke nyumba yake mara moja jioni, akitazama juu. Akiona ufa, asiseme mwakani.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia uzima, tutanena habari za kuhifadhi mahindi ghalani. Salamu kwa wote walio nyumbani, na kwa wajane zaidi.

Katekista wenu